Mastaa Walivyopanda Hadi Kasulu

Mtu wa Dar es Salaam akisema Kigoma, anamaanisha ziwa, dagaa na mawese. Sisi wa huku juu, Kasulu na Kibondo, wa baridi na maharage na ugali wa muhogo, hatumo akilini mwake. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 ikaishia palepale. Kuja kwetu unapanda milima. Kwa hiyo kila jina kubwa lililofika huku, kwa miaka mingi, lilifika kwa sababu kuna mtu aliyelibeba. Mimi ni fundi redio hapa Kasulu tangu ujana wangu, na haya ninayosema nimeyapata nikiwa nimeinama juu ya redio za watu, nikisikiliza wanachosikiliza wao.

Wa kwanza kubeba walikuwa manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha, nchi yetu sisi Waha, ni mojawapo ya sehemu walikochota watu wengi. Baba yangu mdogo alikata mkonge Kimamba, huko Kilosa, kwa kipande cha siku 30, akarudi na blanketi, gramafoni na santuri za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro. Kijijini hakuna aliyekuwa amemwona Salum Abdallah. Baba Mdogo ndiye aliyedai kumwona jukwaani, na kila alipolisimulia jambo hilo suti ya mwimbaji ilibadilika rangi. Hakuna aliyemsahihisha, maana nani angemsahihisha? Salum Abdallah alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, kwetu habari ilikuja na manamba waliorudi, huku santuri ikiendelea kuzunguka kama kawaida.

Baadaye ikaja redio. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kutukusanya katika vijiji vya ujamaa, na mwaka uliofuata Radio Tanzania Dar es Salaam ikatangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa makundi makundi kuizunguka redio moja, wakajifunza kuchimba choo na kuzuia malaria. Wataalamu wameiandika sana kampeni hiyo. Wasichokiandika ni kwamba somo likiisha hakuna aliyeinuka. Redio iliachwa iendelee, na ndipo wazee wangu walipofahamiana na Pwagu na Pwaguzi, wachekeshaji ambao sura zao hatukuzijua hata kidogo, lakini kukohoa kwao tu kulitosha kutuvunja mbavu.

Kifo cha Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, nakikumbuka mwenyewe. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, redio imejaa taarifa za mapigano. Katikati ya hayo ikasikika kwamba ajali ya gari imemuua Mombasa. Watu wazima wenye vijana wao jeshini walisimama njiani wakimzungumzia mpiga gitaa wa Morogoro kana kwamba ni mtoto wa shangazi yao. Siku hizo betri zilikuwa adimu. Zikichoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo, na siku ile nadhani mapaa yote ya kijiji yalikuwa na betri.

Lakini redio ya taifa haikuwa na Kiha, lugha yetu. Ilitangaza kwa Kiswahili, na Kiingereza pembeni. Sababu tuliijua, ni kujenga taifa, na wengi wetu tuliikubali bila kinyongo. Hata hivyo usiku, ukizungusha sindano polepole, Bujumbura ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na Muha hahitaji mkalimani wa Kirundi. Nyumba nyingi zilisikiliza kwa sauti ya chini. Afisa mmoja aliwahi kuniuliza kibandani kwangu mbona redio ya mteja wangu imetegwa Burundi, na mteja huyo ni mtu wa wapi hasa. Swali hilo Waha wengi wanalijua. Niliizungusha sindano, nikampa taarifa ya habari ya Dar es Salaam, akaondoka.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na Burundi ikawaka. Kibondo kukawa na kambi za wakimbizi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kasulu kukawa na Mtabila na Muyovosi, na kuanzia 1996 Nyarugusu, ya Wakongo. Mengi yamesemwa juu ya kuni zilizokwisha na ujambazi wa barabarani, na ni kweli. Mimi nasema upande wa pili, wa meza yangu ya kazi. Wakimbizi walikuja na redio zilizolowa mvua na kanda zilizokatika, wakanilipa kwa mafuta ya kula na unga wa njano. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na kwa mara ya kwanza mtu wa Kibondo akasikia kutoka upande huu wa mpaka mtangazaji anayeongea karibu kama bibi yake. Wakongo nao walileta ndombolo na kwaya. Novemba 1998, mwanamuziki Pepe Kalle alipofariki Kinshasa, aliyenipa habari ni mteja kutoka Nyarugusu. Alikuja na redio-kaseti yenye hedi iliyoliwa na vumbi, akasimama pale hadi ikaimba, akaondoka nayo begani.

Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki, Aprili 2012, haikuhitajika mtu wa kubeba. Simu zilikuwa mifukoni. Wasichana waliomwona kwenye mabanda ya video walilia kabla jua halijapanda vizuri. Sura ilikuwa imeshaitangulia sauti.

Mwaka huohuo Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya wanamuziki wenye asili ya mkoa huu wakawa Kigoma All Stars. Diamond na Ali Kiba wakaingia kwenye wimbo mmoja, jambo ambalo peke yake, kwa mashabiki wao wanaoshindana, ni historia, pamoja na Mwasiti, Linex, Peter Msechu na wenzao. Wimbo ukaitwa Leka Dutigite. Jina la Kiha kwenye redio zote za nchi! Vijana wetu waliokuwa wakitaniwa Kariakoo kwa lafudhi yao wakaanza kuiongeza makusudi.

Nami nilifurahi. Ila waandishi waliposema Kiha kimezaliwa upya, nilicheka. Miaka kumi kabla, mwimbaji Saida Karoli alikuwa ameshaifanya nchi nzima icheze nyimbo za Kihaya, kwa hiyo njia ilikuwapo. Na masikio ya huku juu yalikuwa yamezoezwa zamani, na Bujumbura ya usiku na Kwizera ya mchana, kutarajia muziki kwa lugha ya nyumbani. Wakimbizi hawakutajwa na mtu. Ni kawaida, aliyekuja na turubai kichwani hahesabiwi kuwa ameleta muziki.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Heru hapa Kasulu, nilimpigia wimbo ule kibandani kwa spika kubwa. Aliusikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kisha akasema hicho ni Kiha cha watoto waliokuja likizo. Halafu akaniagiza niurudishe mwanzo.