Maelezo yaliyosafiri na programu

Bandugu, hapa Salamabila rezo ikikatika, kazi inasimama. Njo maana napenda historia ya libjpeg, maktaba ya programu inayofungua picha za JPEG. Mwaka 1991 Tom Lane na wenzake wa Independent JPEG Group waliitoa bure. Baadaye ndani yake mlikuwa faili mbili: libjpeg.txt, inayoeleza kila hatua, na example.c, mfano wenyewe. Soma kichwa cha picha, anza kufungua, soma mstari kwa mstari, maliza. Basi unajifunza bila intaneti. Sisi wa informatiki tunaacha TFC bila maelezo; mwandishi akihamia Bukavu, programu yake inakufa. Tuandike maelezo kwanza, njo tutetee.