Vuga, Mji wa Wafalme

Bara Hindi msafiri huonyeshwa mahekalu na nyua za wafalme zilizojengwa kwa mawe. Vuga, mji wa Wakilindi katika milima ya Usambara, ulikuwa wa miti na majani, nao uliheshimiwa sana. Mbegha, babu yao, alikuwa mwindaji wa Ungulu, pande za Handeni. Burton na Speke walipomwendea mfalme Kimweri mwaka 1857, walilazwa nje ya mji. Kimweri akafa mwaka 1862. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde penye njia ya misafara, akapata bunduki nyingi, akamfukuza Shekulwavu, mtoto wa nduguye, aliyetawala Vuga. Basi, ndugu msomaji, ukitoka Korogwe kwenda Vuga, usitafute kuta. Ukuu wake haukuliwa na mchwa, bali na ugomvi wa ndugu.