Chen Zhen alikufa mara moja, akarudi mara nyingi

Mlango wa shule ya kung fu unafunguliwa. Upande wa pili wa geti wamejipanga wanaume wenye bunduki, mitutu imemwelekea mtu mmoja. Chen Zhen hajifichi wala hainui mikono. Anatimua mbio kuwafuata, anaruka juu huku akipiga ukelele, na hapohapo picha inaganda. Milio ya risasi inasikika, lakini yeye hatumwoni akianguka.

Hivyo ndivyo inavyokwisha Fist of Fury, filamu aliyoicheza Bruce Lee mwaka 1972. Kwa mtazamaji aliyelelewa na kibanda umiza, anayejua kwamba steringi hafi, mwisho huo unauma. Adui ameshauawa, kisasi kimetimia, halafu steringi anatoka kwenda kufa kwa hiari yake.

Tangu hapo, kila anapotokea mtu wa kuirudia hadithi hii, wapenzi wa filamu za kung fu hugawanyika, tena mgawanyiko wenyewe huwa ndani ya moyo wa mtu mmoja. Anatamani kumwona Chen Zhen tena, na hapohapo hataki mtu yeyote akiguse kile kifo. Wengine huuita huo ukaidi wa watu wanaong'ang'ania ya kale. Mimi nimeifuatilia historia ya filamu hii na ninaona kwamba wapenzi hao wana hoja ya kusikilizwa.

Msiba wa mwalimu

Filamu inaanzia msibani. Marehemu ni Huo Yuanjia, na huyu alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa mwaka 1868, akasifika kwa ustadi wa kupigana, na mwaka 1910 jina lake likawa nguzo ya chama cha mafunzo cha Jingwu kilichoanzishwa mjini Shanghai. Alifariki mwaka huohuo, na ukaenea uvumi kwamba Wajapani walimlisha sumu.

Chen Zhen, mwanafunzi anayelia juu ya jeneza la mwalimu wake, hakuwahi kuishi. Ni mtunzi Ni Kuang aliyembuni, akamzaa kutokana na uvumi ule. Fedheha iliyomzunguka, hata hivyo, haikubuniwa. Sehemu kubwa ya Shanghai ilikuwa chini ya mataifa ya kigeni, na bustani ya Huangpu, iliyo kando ya mto katikati ya mji, haikufunguliwa kwa Wachina hadi mwaka 1928. Katika filamu, mlangoni pa bustani pametundikwa kibao kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia. Chen Zhen anakisambaratisha kwa teke angali hewani.

Hong Kong iliyoitazama filamu hiyo mwaka 1972 ilikuwa bado koloni la Waingereza. Watu walijaa kumbini. Filamu hiyo iliyoongozwa na Lo Wei chini ya kampuni ya Golden Harvest ilipita dola milioni 4 za Hong Kong, ikaivunja rekodi iliyowekwa miezi michache tu kabla na The Big Boss, ambayo nayo ilikuwa ya Bruce Lee. Filamu zake zilipofika Afrika Mashariki, zilikuta watu wazima waliokumbuka vizuri hoteli na vilabu vya wakati wa ukoloni ambavyo mwenyeji aliingia kwa mlango wa watumishi. Kibao kile hakikuhitaji kutafsiriwa.

Ndiyo maana kifo cha Chen Zhen kina uzito. Amerudi shuleni na kukuta wenzake wamechinjwa. Anakubali kujisalimisha kwa sharti moja, kwamba shule ya mwalimu wake isifungwe. Inspekta anayempa ahadi hiyo anachezwa na Lo Wei mwenyewe. Kwa hiyo ule mruko wa mwisho ni malipo. Ukimwokoa Chen Zhen, lazima useme deni lile atalilipa nani.

Kuvaa viatu vya marehemu

Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Watengenezaji wa filamu waliona pengo, wakalikimbilia. Mwigizaji Ho Chung-tao alipewa jina la Bruce Li, na mwaka 1977 akacheza Fist of Fury Part II kama ndugu wa Chen Zhen aliyekuja kuendeleza kisasi. Walikuwapo pia Bruce Le na Dragon Lee. Walifundishwa namna ya kusimama, kupangusa pua kwa kidole gumba na kupiga kelele kama marehemu, na mtazamaji akatoka ukumbini akimkumbuka marehemu zaidi.

Lo Wei mwenyewe alijaribu mwaka 1976 kwa New Fist of Fury, safari hii akiwa na kijana aitwaye Jackie Chan. Kijana huyo alikuwamo hata katika filamu ya kwanza, ingawa wengi hawakumjua. Pale Suzuki, adui mkuu, anapopigwa teke na kupasua ukuta hadi bustanini, mwili unaoruka ni wa Jackie Chan, aliyekodiwa kuanguka kwa niaba ya mwigizaji. Lo Wei akamtaka sasa anune, akunje uso, abebe hasira ya mtu mwingine. Watazamaji hawakuitika.

Mwaka 1978, akiwa na mwongozaji Yuen Woo-ping, Jackie Chan alicheza Drunken Master. Humo anacheka, anapigwa, anaumia, anakimbia, na ndipo akawa nyota. Alimheshimu Bruce Lee kwa kuacha kumwiga.

Jet Li na swali jipya

Ilipotangazwa Fist of Legend ya mwaka 1994, wapenzi walikuwa na kila sababu ya kutia shaka. Safari hii Chen Zhen alichezwa na Jet Li, bingwa wa sanaa ya mapigano ya wushu tangu utotoni, chini ya mwongozaji Gordon Chan, na mapigano yakapangwa na Yuen Woo-ping yuleyule.

Filamu inafunguka Chen Zhen akiwa darasani mjini Kyoto. Anasoma Japani, na ana mpenzi wa Kijapani, Mitsuko. Anarudi Shanghai kuchunguza kifo cha mwalimu, na kikwazo cha kwanza anakipata kwa watu wake: shule haimtaki Mitsuko, naye anachagua kuondoka pamoja naye. Baadaye anapambana na Funakoshi, mjomba wa Mitsuko, pambano ambalo ndani yake mzee anafundisha na kijana anajifunza, na hakuna anayemchukia mwenzake. Filamu ya 1972 iliuliza mtu aliyedhalilishwa afanye nini. Hii iliuliza swali lililofuata: je, hasira ya haki inaweza kumtofautisha mtu na jeshi lililomtuma?

Haikuvunja rekodi Hong Kong. Lakini waliojua mapigano waliiona, wakiwamo waongozaji Wachowski, ambao walimfuata Yuen Woo-ping apange mapigano ya The Matrix, iliyotoka mwaka 1999.

Hata hivyo manung'uniko hayakukosekana, na si ya kupuuzwa. Chen Zhen wa Jet Li hafi. Anaondoka akiwa hai, kuelekea vita vinavyokuja. Mapigano ni bora, safi, kila pigo linaonekana; lakini wapo wanaosema hawakusikia ule uchungu unaotetemesha mikono ya Bruce Lee anaposhika silaha yake ya nunchaku. Wanaosifu na wanaonung'unika wote wanasema kweli. Mtu anaweza kuipenda filamu ya 1994 kwa akili yake na ya 1972 kwa damu yake.

Donnie Yen alimbeba Chen Zhen katika tamthilia ya televisheni mwaka 1995, kisha mwaka 2010 katika Legend of the Fist. Humo Chen Zhen alinusurika risasi zile, akapitia Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi Shanghai na kuvaa barakoa nyeusi inayomkumbusha mtazamaji Kato, nafasi aliyoicheza Bruce Lee katika televisheni ya Marekani. Heshima inaonekana wazi. Swali jipya silioni.

Hapo ndipo ninapoelewana na wapenzi wanaonuna kila wanaposikia filamu yao inarudiwa. Wanachokikataa ni kurudishiwa umbo bila sababu. Bruce Li alileta umbo. Jackie Chan alipewa umbo, likamkaba. Jet Li alikuja na jambo la kusema, na hata wasiomkubali wanabishana naye kama mtu mzima mwenzao.

Mwaka 1972 picha iliganda kabla miguu ya Chen Zhen haijagusa ardhi. Miaka zaidi ya 50 sasa bado yuko hewani. Anayetaka kumshusha atuambie kwanza anamshushia nini.