Fistula kati ya utumbo na kibofu: madaktari huitambuaje?

Katika Afrika Mashariki, neno fistula huwakumbusha wengi akina mama walioumia kwa uchungu wa kuzaa uliokawia. Ipo hata hivyo fistula nyingine, isiyotajwa sana, inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake: njia isiyo ya kawaida inayounganisha utumbo mpana na kibofu cha mkojo.

Chanzo chake kikuu ni maambukizi ya vijifuko vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana. Vyanzo vingine ni saratani, ugonjwa wa Crohn, tiba ya mionzi na majeraha. Mwanamke hukingwa kwa kiasi na mji wa mimba, ulio katikati ya viungo hivyo viwili. Aliyeondolewa mji huo huipoteza kinga hiyo.

Utambuzi huanzia kwenye maelezo ya mgonjwa. Dalili iliyo bainifu zaidi ni hewa kutoka kwa njia ya mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa. Mkojo pia huweza kuwa na harufu au chembe za kinyesi. Mgonjwa akiona haya kuyasema hayo, huenda akapewa dawa za maambukizi ya mkojo mara kwa mara bila kupona.

Mkojo ukioteshwa maabara, mara nyingi huonekana bakteria wa utumboni. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni skani ya CT. Hewa ikionekana kibofuni mwa mtu ambaye hajawekewa mpira wa mkojo karibuni, na ukuta wa kibofu ukiwa umenenepa pale unapogusana na utumbo, fistula hushukiwa sana. Kamera ikipitishwa kibofuni, huenda ikaonyesha wekundu na uvimbe tu, bila tundu lenyewe. Kamera ya utumbo mpana hupitishwa hasa ili kuhakikisha kwamba chanzo si saratani, kwani jibu hilo huamua upasuaji utakavyofanywa.

Kipo pia kipimo rahisi: mgonjwa hula mbegu ndogo za popi, zile zinazonyunyizwa juu ya mikate, na mkojo wake huchunguzwa kwa saa 48. Mbegu zikionekana humo, njia ipo. Lakini kipimo hicho hakionyeshi ilipo wala chanzo chake.

Anayetokwa na hewa akikojoa, au anayerudiwa na maambukizi kila amalizapo dawa, amweleze daktari waziwazi. Akipata homa kali na kutetemeka, aende hospitali bila kuchelewa, kwani huenda maambukizi yameingia katika damu.