Mwatu juu ya mbuyu

Ukishika barabara ya kutoka Kitui kwenda Kibwezi kupitia Mutomo, inua macho penye mibuyu. Utaona vigingi vimepigiliwa shinani, kimoja juu ya kingine, mpaka matawini. Hiyo ni ngazi ya mrina asali, na mara nyingi aliyeipigilia alishafariki. Huko juu umelazwa mwatu, yaani mzinga wa gogo lililokombwa kwa tezo, ukazibwa pande zote mbili kwa vibao vyenye matundu ya nyuki kupitia.

Sisi Wakamba tuliwajengea viumbe wa porini makao kwenye mashamba yetu kabla ya shirika lolote kutufundisha. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kuhusu alama za koo zilizotiwa kwenye ng'ombe na kwenye mizinga. Kwa hiyo nyuki walihesabiwa mali sawa na mifugo, wakarithiwa. Kuiba asali lilikuwa kosa zito.

Babu yangu alirina usiku, mwenge wa moshi mkononi, akishusha masega kwa kamba ndani ya mfuko wa ngozi. Masega yenye watoto wa nyuki hakuyagusa. Asali iliingia kwenye kithembe, ikangoja mahari au pombe ya wazee.

Miaka ya 1970, serikali na wataalamu kutoka Kanada walileta mzinga wa sanduku wenye vibanzi juu, unaoning'inizwa kwa waya kimo cha kiuno, nyegere asiufikie. Ulileta heri: akina mama, ambao zamani hawakupanda miti kurina, walianza kufuga nyuki. Lakini sanduku linatosheka na nguzo mbili. Mwatu ulidai mti mkubwa, na mwenye shamba aliuacha mbuyu au mgunga usimame kwa ajili ya asali. Kwera nao wakapata pa kufuma viota vyao juu ya mizinga, bila kualikwa. Mizinga ya magogo ilipopungua, mgunga ulibaki na thamani ya makaa tu. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alilazimika kupiga marufuku biashara ya makaa Kitui.

Wapo wanaosema mwatu nao humaliza miti. Siwakubalii. Gogo moja lililochongwa vizuri hudumu miaka na miaka. Ninaourina mimi leo babu aliuchonga kabla sijazaliwa, na gunia la makaa halimalizi hata mwezi jikoni.