Hojaji za Kuchuja Maradhi ya Akili Unguja: Uteuzi na Alama ya Mpaka

Hojaji ya kuchuja maradhi ya akili ni orodha fupi ya maswali inayomtenga mtu anayehitaji uchunguzi zaidi na asiyeuhitaji. Haiutaji ugonjwa, kuutaja ni kazi ya tabibu aliyekaa na mgonjwa, akamsikiliza na kuwauliza jamaa zake. Unguja ina hospitali moja tu ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, na wagonjwa wengi huanzia katika vituo vya afya vya karibu au kwa waganga. Kuteua hojaji huko ni kuamua nani atapelekwa mjini na nani atabaki nyumbani na maradhi yake. Mara nyingi hojaji huteuliwa kwa umaarufu wake, au kwa kuwa tafsiri yake ya Kiswahili ipo tayari. Sababu hizo hazitoshi.

Hojaji zilizozoeleka Afrika Mashariki si nyingi. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1980, uliofanywa Colombia, India, Ufilipino na Sudan; ina maswali 20 ya ndiyo au hapana kuhusu siku 30 zilizopita. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, inahusu sonona peke yake: vipengele 9, wiki mbili zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 27. Orodha ya Dalili ya Hopkins hupima sonona na wasiwasi kwa vipengele 25. SRQ-20 inafaa pale muulizaji hana mafunzo marefu na mgonjwa hasomi, maana jibu lake ni neno moja. PHQ-9 inafaa zaidi kwa mgonjwa atakayefuatiliwa kwa miezi, kwa sababu alama zake hupanda na kushuka kadiri hali yake inavyobadilika.

Lakini jambo zito zaidi ni alama ya mpaka, yaani idadi ambayo mtu akiifikia huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa. Alama hii haisafiri na hojaji. Kwa PHQ-9, mpaka uliozoeleka ni 10. Uchunguzi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2019 uliona 9 inafaa zaidi. Orodha ya Hopkins, ambayo alama yake ni wastani wa vipengele vyote, hutumiwa kwa mpaka wa 1.75 katika nchi nyingi, ila Sylvia Kaaya na wenzake, walipowapima wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini humo, walipata mwaka 2002 kwamba mpaka unaofaa ni 1.06. Kliniki ambayo ingeshikilia 1.75 ingewarudisha majumbani wanawake wengi wanaoumwa, na rejesta ingeonyesha kwamba wamepimwa. Mwaka 2008 kundi hilo lilichapisha hojaji ya sonona yenye vipengele 19, iliyotungwa hapa hapa Tanzania. Kazi hiyo inastahili kuigwa Zanzibar kuliko matokeo yake kunakiliwa, kwani kliniki ya wajawazito ya Dar es Salaam si kituo cha Makunduchi wala cha Mji Mkongwe.

Tofauti za Unguja zinaonekana hata katika kalenda. Hojaji karibu zote huuliza kuhusu usingizi, hamu ya chakula na uchovu. Katika mwezi wa Ramadhani watu huamka kula daku, hukaa mchana kutwa bila chakula, na wengi hulala muda mfupi. Siku 30 za SRQ-20 zinaweza kuangukia ndani ya mwezi huo mzima, na mtu mzima wa afya akapata alama tatu au nne kwa saumu yake tu. Si Ramadhani tu: mwaka 1995 habari za Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, zilipotoka Pemba na kuenea Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto hadi alfajiri. SRQ-20 ina swali la kulala vibaya na jingine la kushtuka upesi. Lau ingetumika wiki zile, vijiji vizima vingeandikwa kuwa na dalili. Tarehe ya kupima ni sehemu ya kipimo, na inapaswa kuandikwa na kuzingatiwa.

SRQ ndefu zaidi huongeza maswali manne ya kutafuta saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza mguso na uhalisi. Moja huuliza kama kuna mtu anayejaribu kumdhuru mhojiwa, jingine kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mahali ambapo hasadi na uchawi huzungumzwa barazani, na ambapo jini aliyempanda mtu huulizwa jina lake na haja yake, ndiyo ya maswali haya haina uzito ule ule inaoupata kwingine. Utafiti wa Juli McGruder kuhusu familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia ulionyesha kwamba habari za mashetani zaweza kuisaidia familia kumstahimili mgonjwa bila kumlaumu. Maswali hayo yasitupwe. Yafuatiwe na swali kwa jamaa: je, haya unayoyasikia kwake yanafanana na ya watu wengine wa nyumba hii?

Suala jingine ni wapi hojaji itatumika. Tuseme hojaji inawanasa wagonjwa 80 katika kila 100 na kuwaachia wazima 80 katika kila 100. Kituoni, ambapo watu 100 kati ya 1,000 wanaumwa, itawanasa wagonjwa 80 na wazima 180. Chini ya theluthi moja ya walionaswa ndio wagonjwa. Pale ambapo nusu ya watu wanaumwa, wanne katika kila watano walionaswa ni wagonjwa kweli. Hesabu hii si ya darasani tu: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 Dar es Salaam ulikuta maradhi ya kawaida ya akili kwa asilimia 24 ya waliohudhuria vituo vya afya na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga. Hojaji ile ile ingeaminika zaidi kwa mganga.

Kipengele cha mwisho cha PHQ-9 huuliza kuhusu mawazo ya kujiua au kujidhuru. Katika jamii ambayo jambo hilo ni dhambi kubwa na aibu ya ukoo, mgonjwa aliyekuja na shangazi yake atajibu hapana. Kwa hiyo kituo kinachoteua hojaji hii kinahitaji chumba chenye mlango, muulizaji asiye jirani wa mgonjwa, na muuguzi anayeweza kumpokea siku ile ile atakayejibu ndiyo. Kisichokuwa na hayo kianze na SRQ-20, ambayo nayo ina swali la wazo la kujiua, na maandalizi hayo yaanze mara moja.