Habari za Viazi Ulaya na Watu Waliovitunza

Katika nchi zetu za milimani hakuna asiyejua viazi ulaya. Hulimwa Limuru na Kinangop, Njombe na Mbeya, Kigezi na Musanze. Huliwa nyumbani, na huuzwa sokoni kwa magunia. Lakini ni wachache wajuao vilikotoka. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa vyaitwa viazi ulaya, asili yake ni Ulaya. Sivyo. Wazungu ndio waliovileta kwetu, lakini wao nao walivipokea kwa watu wengine, na watu hao ni nadra kutajwa. Leo twataka kueleza habari zao, na za kazi waliyoifanya kwa maelfu ya miaka, kwa maana katika kazi hiyo mna neno la kumfaa kila mtu ashikaye jembe.

Kwao kiazi ni Amerika ya Kusini, katika milima mirefu iitwayo Andes. Mpakani mwa nchi za Peru na Bolivia kuna ziwa kubwa, jina lake Titicaca. Ziwa hilo liko juu ya bahari kadiri ya mita 3,800. Mtu akisimama ufukoni mwake amekwisha fikia karibu theluthi mbili za urefu wa Kilimanjaro, na hapo ndipo watu walimapo na kufuga. Wataalamu waona kwamba katika pande hizo, yapata miaka 7,000 hata 10,000 iliyopita, watu walianza kuchimba viazi vya porini, vidogo na vichungu, na kuvipanda karibu na nyumba zao. Mwaka hata mwaka walichagua vilivyo bora, wakavihifadhi, wakavipanda tena. Waquechua na Waaymara wa leo ndio warithi wa kazi hiyo. Kwa Kiquechua kiazi huitwa papa.

Sasa tuangalie hali ya nchi yao. Katika mteremko mmoja, bondeni kuna joto na juu kuna baridi ya kuua mimea. Shamba hili laelekea jua, na lile lina kivuli; mvua ya mawe huharibu moja ikaliacha la pili. Mtu hakuweza kutumainia shamba moja wala mbegu moja. Kwa hiyo kila jamaa walikuwa na vijishamba vingi vilivyotawanyika mlimani, na katika kila kimoja walichanganya aina mbalimbali. Hata leo shamba dogo la huko laweza kuwa na aina ishirini au zaidi, zimepandwa pamoja kwa jembe la kusukumwa kwa mguu liitwalo chaki taklla. Siku ya mavuno udongo ukifunuliwa, hutokea viazi vyeupe na vya manjano, vyekundu, vya zambarau na vyeusi; vingine mviringo, vingine virefu kama vidole, vingine vimejipinda na kujaa vinundu.

Kila aina ina jina lake. Iko iitwayo puma maki, maana yake wayo wa puma, mnyama mkali wa milima ile. Iko nyingine ambayo jina lake maana yake ni kimlizacho mkaza mwana. Kiazi hicho kina vinundu na mashimo mengi, na kukimenya ni taabu kubwa. Husimuliwa kwamba mama mkwe alimpa mke wa mwanawe akimenye, apate kuona kama ana ustadi na subira. Wengine watacheka, lakini watambue kwamba watu wasio na vitabu waliandika elimu yao katika majina kama hayo. Tena wanawake ndio hasa wachaguao mbegu na kuziweka, nao hujua kwa kutazama tu kiazi kipi chastahimili baridi, kipi chapikwa upesi, na kipi chafaa kuwekwa akiba.

Habari ya akiba nayo ni ya ajabu. Juu kabisa, penye baridi kali, huota viazi vichungu visivyoliwa vibichi vikipikwa tu, kwa sababu vina sumu kidogo. Wenyeji huvitandaza nje usiku vigande kwa baridi, na mchana huviacha juani. Vikiisha kulainika huvikanyaga kwa miguu hata maji yatoke pamoja na uchungu, kisha huvianika mpaka vikauke na kuwa vyepesi kama gome. Chakula hicho huitwa chuño, nacho hukaa miaka bila kuharibika, kama makopa yetu, tena kupita makopa. Wafalme wa Inka walikijaza katika maghala ya serikali, wakalisha majeshi na watu wenye njaa. Waspania, waliokuja kuiteka nchi hiyo mwaka 1532, walikiona pia. Mmoja wao, Pedro Cieza de León, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1553 kwamba wako Waspania waliotajirika kwa kuwauzia chuño watu wa machimbo ya fedha ya Potosí. Waliyemshinda vitani ndiye aliyewalisha wachimbaji wao.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze jinsi kiazi kizaavyo, maana bila hilo mambo yajayo hayataeleweka. Kiazi kina uzazi wa namna mbili. Namna ya kwanza yajulikana kwa wote: twapanda kiazi, twavuna viazi. Hii ni kama kupanda kijiti cha muhogo au chipukizi la mgomba. Mtoto ni yule yule mama, hakuzidi wala hakupungua. Mama akiwa mtamu, mtoto ni mtamu. Na ugonjwa uwezao kumwua mama utawaua watoto wote. Namna ya pili hutoka katika ua. Ua likipata chavua, huzaa tunda dogo la kijani mfano wa nyanya changa, ambalo halifai kuliwa. Ndani yake mna mbegu ndogo sana, na kila mbegu ni kiumbe kipya kisichofanana kabisa na mzazi wake wala na ndugu zake.

Wataalamu wameeleza kwa nini. Ndani ya kila chembe ya mmea mna nyuzi ndogo za urithi ziitwazo kromosomu. Viazi vya porini vingi vina nyuzi 24, na vile vya shambani mara nyingi 48. Na baadhi ya vile vichungu vya chuño vina 36 au 60. Nyuzi zikiwa nyingi hivyo, namna za kuchanganyika hazihesabiki. Wakulima wa Andes hawakujua hesabu hiyo, lakini waliacha viazi vya pori viote kandokando ya mashamba, nyuki wakabeba chavua, na kila mche mgeni uliojitokeza waliutazama kwanza kabla ya kuung'oa. Kwa njia hiyo walipata aina zaidi ya 4,000.

Katika hazina hiyo kubwa, ni kidogo tu kilichovuka bahari. Mwaka 1567 viazi vilipakiwa katika Visiwa vya Canary kupelekwa Antwerp. Mwaka 1588 Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyekaa Vienna, alipelekewa viazi viwili na tunda moja. Kwa mianzo midogo namna hii Ulaya ilipata mbegu yake. Watu waliipanda kiazi kwa kiazi, wakaigawa kwa majirani, hata mamilioni ya watu wakashiba kwa mimea iliyokuwa ya ukoo mmoja.

Hatari ya jambo hilo ilionekana Ireland. Maskini wa nchi hiyo walikodi vipande vidogo vya ardhi kwa mabwana wenye mashamba, na hapakuwa na chakula kingine kilichoweza kulisha jamaa katika kipande kidogo hivyo. Wengi wao walipanda aina moja iitwayo Lumper, kwa sababu ilizaa sana hata katika udongo mbaya. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa mfano wa ukungu. Majani yalitokwa na mabaka meusi, mashamba yakanuka uvundo, na viazi vikaoza ardhini. Mwaka wa pili ukawa mbaya kupita wa kwanza. Ukungu haukukuta shamba la kuupinga, kwa maana kila Lumper ilikuwa sawa na mwenzake. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wakahama nchi yao. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851, kama milioni 6 na nusu. Hatusemi kwamba ukungu peke yake ndio uliowaua, kwani katika miaka ile ile nafaka ya Ireland iliendelea kupakiwa merikebuni na kuuzwa nje, na maskini hawakuwa na fedha ya kuinunua. Dhuluma iliwanyima ardhi, na uchache wa mbegu ukawamalizia.

Baada ya msiba huo watu walianza kurudi mlangoni kwa wenye hazina. Huko Marekani mhubiri mmoja, Chauncey Goodrich, mnamo mwaka 1851 aliagiza viazi vya Amerika ya Kusini kwa njia ya Panama. Akapanda mbegu za matunda yake, akapata aina mpya iitwayo Garnet Chili. Na kutokana na hiyo mkulima mwingine akapata Early Rose. Kisha kijana Luther Burbank akaona tunda moja juu ya mmea wa Early Rose, akakuta ndani yake mbegu 23, akazipanda zote. Kati ya hizo ulitoka mmea mmoja bora kupita yote, na mwaka 1875 aliuuza kwa dola 150. Uzao wake hulimwa sana Marekani mpaka leo.

Wengine walitafuta kwa bidii zaidi. Mtaalamu wa Kirusi, Nikolai Vavilov, alituma wenzake Amerika katika miaka ya 1925 hata 1928, naye mwenyewe akaenda baadaye, wakakusanya viazi vya pori na vya shambani wakavileta Leningrad. Mwaka 1940 serikali yake ilimtia kifungoni, akafa gerezani mwaka 1943. Wakati huo mji wa Leningrad ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Wajerumani tangu Septemba 1941, na watu wakifa njaa kwa malaki. Wenzake Vavilov walikuwa na nafaka na viazi ghalani. Walivilinda wasivile, waliwasha moto kwa kuni za kuokoteza ili viazi vya mbegu visigande. Baadhi yao walikufa kwa njaa chakula kikiwa mikononi mwao. Kwa maoni yao, kula mbegu ile kungekuwa kula chakula cha watu wasiozaliwa bado.

Na sisi Afrika ya Mashariki hatukukaa mbali na mambo hayo. Mwaka 1941 ukungu ule ule wa Ireland ulionekana Kenya, ukaenea upesi katika nchi jirani. Na wengi wetu twaujua, kwa maana kila masika huja kutafuta mashamba yetu. Mwaka 1971 kilianzishwa mjini Lima, nchini Peru, Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kukusanya mbegu za Andes na kuzalisha aina zenye nguvu. Mwaka 1998 wakulima wa Kenya walipewa aina mbili zilizotokana na kazi ya kituo hicho, Asante na Tigoni, zilizoteuliwa kwa kuwa ziliushindana ukungu. Ukungu nao hubadilika, na mbegu iliyoushinda jana yaweza kushindwa kesho. Kwa hiyo kazi ya kutafuta haina mwisho, nayo yahitaji hazina isiyopungua.

Je, wenye hazina walipata nini? Kwa miaka mingi walipata kidogo. Hata katika vijiji vya Andes aina nyingi zilianza kupotea, kwa vita na ukame, na kwa sababu soko lilitaka viazi vikubwa vya rangi moja. Lakini mwaka 2004 vijiji sita vya Waquechua karibu na Pisac, katika wilaya za Cusco, vilivyoungana katika Bustani ya Viazi, vilipatana na kile kituo cha Lima virudishiwe mbegu zilizochukuliwa kwao. Vilirudishiwa aina zaidi ya 400, zimesafishwa magonjwa. Tangu hapo wakulima wenyewe wanazipima katika mashamba ya chini na ya juu, maana joto limezidi, na viazi vilivyostawi bondeni zamani sasa vyataka kupandwa juu zaidi. Mlima nao una kilele; hapo mwisho watategemea wingi wa mbegu zao.

Ndugu wasomaji, hatuwaambii watu wakatae mbegu mpya, kwa maana mbegu mpya imeokoa wengi. Twasema tu kwamba kila mbegu mpya ni mtoto wa mbegu ya zamani, na mzazi akipotea hatazaliwa mtoto mwingine. Katika vijiji vyetu wako akina mama wazee walio na kibuyu cha maharagwe ya rangi kumi, au wajuao muhogo uvumiliao ukame na mtama usioliwa na ndege. Wakifa kabla hatujawauliza, elimu hiyo itazikwa pamoja nao. Basi msimu huu ujao, mtu anunuapo mbegu ya dukani, na atenge pembe moja ya shamba kwa mbegu za nyumbani, awaulize wazee majina yake, awafundishe watoto. Akiba haiozi, walisema wahenga. Na mbegu ndiyo akiba ambayo haiozi kwa sharti moja tu, kwamba ipandwe kila mwaka.